Wapiga Mishale wa Dhahabu

Karibu mwaka 507 KK, wajumbe wa Athene walifika Sardis, mji ulioko magharibi ya Uturuki ya leo, kuomba msaada. Jiji lao lilikuwa limemfukuza mtawala wa kimabavu, na sasa Wasparta walikuwa wakilitishia. Liwali wa Uajemi aliyekaa Sardis, Artaphernes, nduguye mfalme Darius, aliwauliza kwanza wao ni akina nani na wanakaa wapi duniani. Kisha akawapa sharti moja: wakitaka urafiki wa mfalme, watoe udongo na maji. Wajumbe wakakubali. Waliporudi kwao walilaumiwa vikali, lakini Herodotus, anayetusimulia kisa hiki, hasemi popote kwamba Athene ilimtuma mtu mwingine kwenda kukitengua kiapo.

Kutoa udongo na maji kulikuwa kujiweka chini ya mfalme. Kwa hiyo mwaka 498 KK, Athene ilipopeleka merikebu 20 kuwasaidia Wagiriki wa Ionia, pwani ya Asia, walioasi utawala wa Darius, na mji wa Sardis ukachomwa moto, Darius hakuona taifa huru likimshambulia. Aliona mtiifu wake amevunja ahadi.

Vitabu vingi vya shule, na filamu nyingi, hukiruka kisa hiki na kuanzia pigano la Marathon la 490 KK: Wagiriki huru upande huu, watumwa wa mfalme upande ule. Picha hiyo inavutia, ila ushahidi unaikataa. Tangu mfalme Cyrus wa Uajemi alipoiteka Sardis karibu 546 KK hadi Alexander wa Makedonia alipovuka kuingia Asia mwaka 334 KK, ni vigumu kutaja pigano kubwa kati ya Wagiriki na Waajemi ambalo halikuwa na Wagiriki pande zote mbili. Na aliyefaidika zaidi na mgawanyiko huo, kwa muda mrefu kuliko tunavyokumbushwa, ni mfalme yuleyule tunayeambiwa alishindwa.

Wafalme wenyewe si wageni kwetu. Msomaji wa Biblia anamjua Cyrus kwa jina la Koreshi. Darius ni Dario, Xerxes ndiye Ahasuero wa kitabu cha Esta, na Artaxerxes wa Kwanza, kwa maoni ya wataalamu wengi, ndiye Artashasta ambaye Nehemia alikuwa mnyweshaji wake. Humo Koreshi ni mkombozi aliyewaruhusu Wayahudi warudi Yerusalemu. Waandishi wa Kigiriki, wakiizungumzia nyumba hiyohiyo ya kifalme, wanatuchorea madhalimu wenye majivuno. Zote mbili ni habari za watu waliokuwa na haja zao. (Naye mtu wa pwani anayejihesabu Mshirazi ajue kwamba Shiraz iko kilomita kama 60 tu kutoka magofu ya Persepolis, mji wa kifalme wa Waajemi, ingawa simulizi za Washirazi ni za zama za Uislamu, zaidi ya miaka elfu moja baadaye.)

Shida kubwa ya mtafiti ni kwamba msimulizi ni wa upande mmoja. Maandishi ya kifalme ya Waajemi hayasimulii mapigano ya Marathon wala Salamis. Tunachopata upande wao ni maelfu ya mabamba ya udongo yaliyofukuliwa Persepolis kuanzia mwaka 1933, mengi yakiwa kwa lugha ya Kielami. Si historia. Ni hesabu za ghala: nani kapewa shayiri kiasi gani, mwanamke aliyejifungua kaongezewa posho ipi, msafiri fulani ana waraka wenye muhuri wa nani. Wamo vibarua wa Ionia, na limo bamba moja la Kigiriki linaloandika divai iliyotolewa. Bamba jingine, la mapema mwaka 494 KK, linamtaja mtu aitwaye Datiya, aliyesafiri kwa haraka kutoka Sardis kwenda kwa mfalme akapewa posho kubwa ya pombe, takriban lita 70. Wanahistoria wanaona huyo ndiye Datis, jemadari aliyeongoza majeshi kwenda Marathon miaka minne baadaye. Kwa Herodotus, Datis ni jina la adui. Katika bamba ni ofisa aliyetumwa kazini na kulipwa posho ya safari. Mimi huyu wa pili namwamini zaidi, kwa sababu karani wa ghala hakuwa na hadhira ya kuifurahisha.

Maasi ya Ionia yalizimwa mwaka huohuo wa 494 KK. Merikebu za waasi zilishindwa karibu na kisiwa cha Lade, sehemu yake ikatoroka kabla ya pigano kuiva, na mji wa Miletus ukaangamizwa. Mwaka 490 KK Datis akavuka bahari kuwaadhibu waliobaki. Kisiwa cha Naxos kikachomwa, mji wa Eretria ukatekwa, kisha akashuka Marathon, katika nchi ya Athene. Aliyemwongoza hadi ufuo ule alikuwa Mwathene: Hippias, yule mtawala aliyefukuzwa, sasa mzee, akitarajia Waajemi wamrudishe madarakani. Na aliyewashauri Waathene washambulie, Miltiades, naye alikuwa amewahi kumtumikia Darius kama mtawala mdogo kaskazini ya bahari ya Aegean. Waathene 192 walikufa na wavamizi wakarudi merikebuni. Athene iliifanya siku ile kuwa nguzo ya fahari yake. Kwa Darius ilikuwa safari ya kijeshi iliyotimiza malengo mawili kati ya matatu.

Darius alifariki mwaka 486 KK wakati Misri imeasi, na mwanawe Xerxes ilimbidi aizime Misri kwanza. Ndipo akageukia Ugiriki, safari hii kwa jeshi la himaya nzima. Herodotus anataja askari wa miguu 1,700,000. Hakuna mtaalamu makini anayekubali hesabu hiyo. Makadirio ya leo yanatofautiana, ila mengi hayafiki laki tatu. Hata hivyo maandalizi yalikuwa ya ajabu. Maghala ya nafaka yalijengwa njiani kote pwani ya Thrace. Mfereji wa kilomita kama mbili ulichimbwa kukata shingo ya rasi ya Athos, ambako dhoruba ilikuwa imevunja merikebu za Waajemi mwaka 492 KK. Mlango wa bahari wa Hellespont ulitandikwa madaraja mawili ya merikebu zilizofungwa kwa kamba nene za kitani na mafunjo.

Walioyavuka madaraja hayo walitoka kila pembe ya himaya. Miongoni mwao Herodotus anawataja watu wa kusini ya Misri, Wakushi, waliovaa ngozi za chui na simba, wakabeba pinde ndefu na mishale yenye ncha za jiwe, na wakipigana walijipaka nusu ya mwili chokaa na nusu rangi nyekundu. Wakushi hao pia wamechongwa ukutani Persepolis, katika msafara wa wanaoleta zawadi kwa mfalme, na pembe ya ndovu mkononi. Waafrika basi walikuwamo katika vita hivi tangu mwanzo, jambo ambalo filamu hulionyesha kwa namna ya kutisha watazamaji tu.

Ya pigano la Thermopylae nitayapitia haraka, maana yamesemwa mno. Leonidas, mfalme wa Sparta, hakuwa na Wasparta 300 peke yao; alianza na Wagiriki maelfu kadhaa, na mwishoni watu 700 wa Thespiae walibaki kufa pamoja naye, ingawa sifa yao imemezwa na ya Wasparta. Aliyewaonyesha Waajemi njia ya mlimani alikuwa Mgiriki wa eneo lile, Ephialtes. Pigano liliwachelewesha Waajemi siku chache. Baada yake Athene ikatekwa na kuchomwa.

Palipoamuliwa vita ni baharini, na asili yake ni chini ya ardhi. Karibu 483 KK migodi ya Laurion, kusini ya Athene, ilitoa fedha nyingi kuliko kawaida. Pendekezo la wengi lilikuwa kila raia agawiwe drakma 10. Mwanasiasa Themistocles akawashawishi wazitumie kuunda merikebu, kwa kisingizio cha vita na jirani yao Aegina. Kama mfalme angewafuata miaka michache mapema, wangemkuta Mwathene ana drakma zake mfukoni na hana chombo.

Merikebu ya kivita ya wakati ule ilikuwa na urefu wa mita kama 37 na wapiga makasia 170, wameketi kwa safu tatu, moja juu ya nyingine, kila mtu na kasia lake. Mbele kwenye usawa wa maji kulikuwa na pembe ya shaba ya kutobolea ubavu wa adui. Jeshi la majini la Ugiriki lilisaidia kuunda nakala yake, Olympias, katika miaka ya 1980. Kwa wapiga makasia wa kujitolea imefikia kasi ya noti 9 hivi kwa muda mfupi. Kilichogundulika kwenye majaribio ni kwamba ugumu si nguvu za mikono. Ni kupatanisha watu 170, wengi wao wasioweza hata kuyaona maji, wavute kwa pigo moja. Haya ni mazoezi ya miezi, na watu wa mazoezi hulipwa. Wapiga makasia wa Athene wengi walikuwa raia maskini, wasio na uwezo wa kununua silaha za askari wa nchi kavu. Baada ya kuiokoa Athene walianza kuhesabika, na sauti yao ilizidi kusikika katika mkutano wa raia.

Mwezi Septemba 480 KK Wagiriki walikuwa na merikebu kama 380 kwenye mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Salamis na bara. Waajemi walikuwa na nyingi zaidi, lakini mahali pembamba wingi huwa mzigo. Themistocles alimtuma mtumwa wake Sicinnus kwa siri akamwambie mfalme kwamba Wagiriki wanataka kutoroka usiku. Mfalme aliamini, na alikuwa na sababu: miji mingi ya Ugiriki aliyoipitia ilikuwa na kundi lililotaka kujisalimisha. Makasia ya Waajemi yalipigwa usiku kucha kuziba njia. Asubuhi waliingia mlangoni wakiwa wamechoka, safu ya nyuma ikisukuma ya mbele, na pembe za shaba zikawapata ubavuni.

Waajemi wenyewe walikuwa wachache katika jeshi lile la majini. Vyombo vilikuwa vya Wafoinike, Wamisri, watu wa Saiprasi na Wagiriki wa Ionia. Themistocles alikuwa amewaachia hao wa Ionia maandishi kwenye miamba, wakipita kuchota maji wayasome, akiwasihi wawahame Waajemi. Wachache walimsikia. Wengi walipigana kwa bidii dhidi ya ndugu zao. Theomestor wa Samos alipigana vizuri hata Waajemi wakamfanya mtawala wa kisiwa chake. Mtu aliyemvutia zaidi mfalme siku ile alikuwa Artemisia, malkia wa Halicarnassus, mji alikozaliwa Herodotus. Alimshauri Xerxes asipigane pale Salamis, akapuuzwa, akapigana hata hivyo, na alipobanwa na merikebu ya Athene aliigonga na kuizamisha merikebu ya upande wake mwenyewe ili aliyemfukuza adhani ni mwenzake.

Xerxes alirudi Asia akamwacha jemadari Mardonius. Huyo, kabla ya kupigana tena, alijaribu kuinunua Athene: ikubali urafiki, irudishiwe ardhi na iongezewe nyingine. Mjumbe aliyeipeleka habari hiyo ni mfalme wa Makedonia aliyekuwa chini ya Waajemi. Jina lake Alexander, babu wa mbali wa yule Alexander atakayeichoma Persepolis. Waathene walikataa. Mwaka 479 KK, katika pigano la Plataea, Mardonius aliuawa, na waliopigana kwa ukali upande wake hadi mwisho walikuwa watu wa Thebes, Wagiriki wa mji mkubwa kabisa wa eneo lile.

Washindi walitoa nadhiri kwenye hekalu la Delphi: nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana. Kaisari Konstantino aliihamishia mji wake, na sehemu yake bado imesimama Istanbul, kwenye uwanja wa zamani wa mashindano ya farasi. Juu yake yamechongwa majina ya miji iliyopigana na Uajemi. Ni 31. Miji ya Wagiriki wakati ule ilikuwa mamia. Mingine ilitoa udongo na maji, mingine ilijificha nyuma ya maneno ya waaguzi, na mingi ya Asia ilikuwa upande wa pili ikipiga makasia. Ukitaka ushahidi mmoja wa kuivunja hadithi ya umoja wa Wagiriki, nenda ukahesabu majina pale Istanbul.

Themistocles mwenyewe alimaliza vipi? Waathene walipiga kura wakamfukuza mjini kwa miaka 10, kisha wakamtuhumu kwa kula njama na Uajemi. Tuhuma zilimkimbiza hadi kwa Artaxerxes wa Kwanza. Aliomba mwaka mmoja, akajifunza lugha ya Kiajemi, akafika mbele ya mwana wa mtu aliyemzamishia merikebu. Mfalme akampa mji wa Magnesia kwa mkate wake, Lampsacus kwa divai, na Myus kwa kitoweo. Magnesia peke yake, anaandika mwanahistoria Thucydides, ilitoa talanta 50 kwa mwaka. Shujaa wa Salamis alifia huko akiwa liwali wa Uajemi, chini ya mfalme yuleyule aliyemruhusu Nehemia aende kujenga kuta za Yerusalemu.

Hapo tunaufikia upande ambao vitabu vya mashujaa huuacha. Athene iliunda muungano wa miji ya Aegean ili kuendeleza vita, ikaugeuza kuwa himaya yake. Mwaka 454 KK hazina ya pamoja ikahamishwa kutoka kisiwa cha Delos hadi Athene. Wakati huohuo jaribio lake la kusaidia maasi ya Misri liliishia kwa maafa ya merikebu nyingi. Kisha Athene na Sparta zikaanza kupigana zenyewe, 431 KK, na wafalme wa Uajemi wakaelewa jambo ambalo Xerxes hakulielewa: kumwezesha Mgiriki ampige Mgiriki mwenziwe ni nafuu kuliko kutandika madaraja baharini.

Mwaka 412 KK Sparta ilianza kutia saini mikataba na liwali Tissaphernes. Ililipwa fedha za wanamaji, na badala yake ikakubali kwamba Wagiriki wa Asia ni mali ya mfalme. Wakombozi wa Thermopylae wakawauza waliokombolewa. Mwaka 407 KK mwana wa mfalme, Cyrus mdogo, kijana asiyefika miaka 20, alimwandalia karamu jemadari wa Sparta, Lysander, akamuuliza angependa apewe nini. Lysander aliomba oboli moja zaidi, sarafu ndogo ya fedha, kwa siku kwa kila mpiga kasia. Mshahara ukapanda kutoka oboli 3 hadi 4. Ukikumbuka kwamba kila merikebu ilihitaji watu 170 wa mazoezi, na kwamba wengi wao walikuwa vibarua wanaokwenda kwa anayelipa vizuri, utaona uzito wa oboli ile. Miaka miwili baadaye Lysander aliziteka merikebu za Athene Aegospotami, na mwaka 404 KK Athene ikasalimu amri. Kuta zake zikabomolewa.

Sparta iliposhinda ilijisahau. Mfalme wake Agesilaus akaingia Asia mwaka 396 KK kuipiga himaya iliyomlipia ushindi. Jibu la Waajemi halikuwa jeshi. Mtu mmoja wa Rhodes, Timocrates, alitumwa na fedha kwa wanasiasa wa Thebes, Corinth na Argos, na muda si mrefu Sparta ilikuwa na vita mlangoni mwake. Agesilaus akaitwa nyumbani. Inasimuliwa kwamba alipokuwa akiondoka alisema mfalme amemfukuza Asia kwa wapiga mishale maelfu. Sarafu ya dhahabu ya Uajemi ilikuwa na mchoro wa mfalme akiwa na upinde. Mwaka huohuo wa 394 KK, jemadari wa Athene aitwaye Conon aliongoza merikebu za mfalme wa Uajemi na kuzivunja za Sparta karibu na Cnidus. Kisha akarudi Athene na fedha za Waajemi, na kuta zikajengwa upya. Hazina iliyogharimia kuangushwa kwa kuta hizo ndiyo iliyogharimia kusimamishwa kwake, na katika kipindi kisichozidi miaka 12.

Mwaka 386 KK Artaxerxes wa Pili alitangaza amani. Liwali Tiribazus aliwaonyesha wajumbe wa Wagiriki muhuri wa mfalme, akawasomea: mfalme anaona ni haki miji ya Asia iwe yake, pamoja na Saiprasi, miji mingine iwe huru, asiyekubali atapigwa vita na mfalme kwa nchi kavu na bahari, kwa merikebu na kwa mali. Wakakubali, Athene na Sparta pia. Kila nilichosoma kuhusu Salamis kinadai kwamba pale Ugiriki ilijihakikishia uhuru wake. Miaka 94 baada ya pigano lile, mfalme wa Uajemi ndiye aliyekuwa akiwaambia Wagiriki uhuru wao una mipaka gani, na hakulazimika kuvusha jeshi kama la Xerxes.

Alexander alipokuja mwaka 334 KK alisema analipiza kisasi cha Athene iliyochomwa na Xerxes, na mwaka 330 KK Persepolis ikateketea. Yale mabamba ya udongo yalibaki chini ya kifusi. Hata hivyo, katika pigano lake la kwanza, penye mto Granicus, adui aliyemsumbua hadi mwisho alikuwa kikosi cha mamluki wa Kigiriki. Aliwachinja wengi, na 2,000 aliowateka akawapeleka Makedonia kufanya kazi ngumu kama wasaliti. Darius wa Tatu alipouawa na watu wake mwenyewe, mamluki wa Kigiriki kama 1,500 walikuwa bado upande wake. Walipojisalimisha, Alexander aliwaachia waliokuwa wameajiriwa kabla ya Wagiriki kufanya mapatano na Makedonia. Waliobaki akawaingiza jeshini mwake, kwa mshahara uleule waliokuwa wakilipwa na Mwajemi.